Matoleo ya Zamani na Mapya ya Michezo ya Kuigiza Wahusika: Kanuni Inaposema na Inaponyamaza

0. Utangulizi

Tumezoea kuamini kwamba toleo jipya la kitabu hulifuta la zamani. Kamusi ikitolewa upya, ile ya awali huhamia rafu ya chini. Sarufi ikisahihishwa, mwalimu humkataza mwanafunzi kuitumia ya kwanza. Ipo hata hivyo aina moja ya vitabu ambayo imekataa kuitii desturi hiyo, nayo ni vitabu vya kanuni vya michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo Wafaransa huiita jeu de rôle. Mchezo ulio mashuhuri kuliko yote ya aina hiyo, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Tangu hapo kanuni zake zimeandikwa upya mara nyingi, na marekebisho makubwa ya karibuni yalitoka mwaka 2024. Lakini wapo watu wengi ambao hadi leo huucheza kwa kanuni za 1974, za 1978 au za 1981, wala si kwa kukosa mpya. Wamezisoma mpya, wakarudi kwenye za kale.

Makala hii inajaribu kujibu maswali mawili. Kwanza, matoleo hayo yanatofautiana katika mambo gani hasa? Pili, kwa nini lililo jipya halikuweza kuliua la zamani? Huenda msomaji akauliza suala hili linaingiaje katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba mchezo huu hauna kitu kingine ila maneno. Unachezwa kwa kusema, na kitabu chake ni maandishi yanayotawala mazungumzo ya watu walioketi pamoja. Anayechunguza uhusiano wa maandishi na usemi atakuta humo mfano ulio wazi kuliko mingi.

1. Mchezo wenyewe na istilahi zake

Watu wachache, tuseme wanne au watano, huizunguka meza. Mmoja wao ni mwongozaji. Yeye huyajua mazingira ya hadithi, huyaeleza, na huwasemea watu na wanyama wote ambao wenzake watakutana nao. Kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika mmoja. Mwongozaji husema: “Mbele yenu kuna mlango wa mbao, na chini yake mwanga unapita.” Mchezaji hujibu: “Naweka sikio langu mlangoni.” Jambo likiwa na shaka, hutupwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Hakuna mshindi, wala mchezo hauishi siku moja. Wahusika wanaweza kudumu miaka.

Kuhusu istilahi, tutasema “alama za uhai” kwa hesabu inayopungua mhusika anapojeruhiwa, “alama za uzoefu” kwa ile inayoongezeka anapofanikiwa, na “ngazi” kwa daraja anazopanda kutokana nazo. Deraya ni neno la kale la vazi la vita, nalo linatufaa bila kubadilishwa. Ugumu uko katika kumtaja mhusika anayetumia nguvu za ajabu. “Mchawi” hafai, kwa kuwa katika Kiswahili, cha Kongo na cha pwani vilevile, mchawi ni adui wa jamii, na mhusika huyu ni msomi tu wa elimu ya siri. “Mganga” naye huponya, na katika mchezo huu kuponya ni kazi ya kasisi. Tumechagua kuunda “msihiri” kutokana na kitenzi kusihiri, tukitumaini kwamba atakayepata neno bora atatuonyesha.

2. Historia fupi ya matoleo

Waasisi wa mchezo ni wawili. Dave Arneson, katika jimbo la Minnesota, alikuwa akiwaongoza wenzake tangu mwaka 1971 katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Gary Gygax, wa mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alikuwa ameandika pamoja na Jeff Perren kanuni za vita vya vinyago, Chainmail, zilizotoka mwaka huohuo wa 1971. Kutokana na kuungana kwa kazi hizo mbili kilizaliwa kisanduku cha vijitabu vitatu, kilichotolewa Januari 1974 na kampuni ndogo ya TSR. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, na bei ilikuwa dola 10.

Vijitabu hivyo vilikuwa vigumu kueleweka. Viliandikiwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita, na mambo mengi viliyapita bila maelezo. Kutokana na upungufu huo njia mbili zilifunguka. Ya kwanza ilikuwa njia ya kurahisisha: mwaka 1977 J. Eric Holmes, daktari na mwalimu wa chuo kikuu, alihariri kisanduku cha wanaoanza. Mwaka 1981 Tom Moldvay akakiandika upya, na mwaka 1983 Frank Mentzer akafanya hivyo tena. Ya pili ilikuwa njia ya kukamilisha: kati ya 1977 na 1979 Gygax alitoa vitabu vitatu vinene vya Advanced Dungeons & Dragons, vilivyokusudiwa kulijibu kila swali. Toleo la pili la njia hiyo lilitoka 1989 chini ya uandishi wa David Cook.

Mwaka 1997 kampuni ya TSR, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilinunuliwa na Wizards of the Coast. Wamiliki wapya walitoa toleo la tatu mwaka 2000, wakalirekebisha 2003, wakatoa la nne 2008 na la tano 2014. Vitabu vya mwaka 2024 ni marekebisho ya hilo la tano.

3. Tofauti za umbo

Mwanaisimu hutenganisha sentensi mbili zinazotofautiana kwa umbo tu na zile zinazotofautiana kwa maana. Tutatumia kipimo hichohicho.

Tuchukue kanuni ya kumpiga adui. Katika matoleo ya karne iliyopita, ubora wa deraya ulihesabiwa kwa kushuka: kadiri tarakimu ilivyokuwa ndogo, ndivyo kinga ilivyokuwa kubwa. Katika toleo la 1989 mpiganaji anayeanza alikuwa na tarakimu 20, na kutoka humo alitoa tarakimu ya deraya ya adui. Adui akiwa na deraya ya 3, ilimpasa apate 17 au zaidi katika dadu ya pande 20. Wengi walilalamikia hesabu hii ya kutoa, hasa tarakimu ya deraya iliposhuka chini ya sifuri.

Toleo la mwaka 2000 liligeuza yote. Deraya ikahesabiwa kwa kupanda. Adui yuleyule sasa ana kinga ya 17, na mpiganaji hutupa dadu, huongeza nyongeza zake, kisha hulinganisha. Asiye na nyongeza yoyote anahitaji 17, kama zamani. Katika njia zote mbili nyuso nne za dadu kati ya 20 zinampa ushindi, yaani asilimia 20.

Hapa lililo jipya ni bora, na hakuna haja ya kubishana. Maana ni moja, umbo jipya ni jepesi zaidi kwa akili. Laiti tofauti zote zingekuwa za namna hii, matoleo ya kale yangebaki vitu vya makumbusho.

4. Tofauti za maana

4.1 Kinacholipwa

Katika kitabu cha 1981, mpiganaji alihitaji alama 2,000 za uzoefu ili afike ngazi ya pili. Kumshinda goblin mmoja, zimwi dogo lililo dhaifu, kulileta alama 5 tu. Kwa hiyo kama angetegemea upanga peke yake, ingemlazimu kuwashinda 400. Lakini kila sarafu ya dhahabu aliyoitoa salama pangoni ilihesabiwa kuwa alama moja. Sanduku lenye sarafu 1,000 lilimfikisha nusu ya njia kwa siku moja, bila kumwaga damu.

Katika toleo la 2014, ngazi ya pili huhitaji alama 300, goblin ana thamani ya alama 50, na dhahabu haileti uzoefu wowote. Maadui sita wanatosha kwa mtu mmoja.

Hakuna ukurasa katika kitabu cha 1981 uliosema “ogopeni mapigano.” Haikuwa lazima. Mchezaji aliyezijua hesabu alijifunza mwenyewe kunyata, kudanganya, kupatana na maadui, kuwahonga, au kukimbia. Na mchezaji wa 2014 hufundishwa na hesabu zake kwamba adui ni wa kukabiliwa. Kanuni inayogawa tuzo ndiyo inayoamua mchezo unahusu nini, hata kama utangulizi wa kitabu unatangaza jambo jingine.

4.2 Kifo

Msihiri wa 1981 alianza na alama za uhai zilizopatikana kwa dadu ya pande 4, na pigo la kawaida la silaha lilitolewa kwa dadu ya pande 6. Alama zikifika sifuri alikuwa amekufa, mchezaji akachukua karatasi nyingine. Msihiri wa 2014 huanza na alama 6 pamoja na nyongeza ya afya yake, na zikiisha huzirai tu. Kila zamu hutupa dadu ya pande 20, na akipata 10 au zaidi huhesabiwa amefaulu. Akifaulu mara tatu kabla ya kushindwa mara tatu, roho yake imesalimika.

Huu si ukatili wa wazee na huruma ya vijana. Mhusika wa zamani alitengenezwa kwa dakika chache, na historia yake aliipata mezani, ikiwa aliishi. Mhusika wa leo huja na historia iliyoandikwa tayari: wazazi wake, kijiji chake, kisasi anachokitafuta. Kumwua kwa dadu ya kwanza ni kuichana riwaya kwenye sura ya kwanza. Wa kale walitaka kuona ni hadithi gani itatokea, na wa sasa wanataka kuiona hadithi waliyokwisha kuianza ikifika mahali.

4.3 Mtego

Mfano wa tatu ndio wenye mafunzo zaidi kwetu. Katika vijitabu vya 1974 hapakuwa na mhusika aliyeitwa mwizi. Mchezaji aliyeshuku mtego alisema atakavyofanya: naigonga sakafu kwa fimbo, namwaga maji nione yanapopotelea. Mwongozaji alisikiliza, akapima maneno yale, akatoa hukumu. Mwaka 1975 nyongeza iitwayo Greyhawk ilimleta mwizi pamoja na jedwali la asilimia. Katika kitabu cha 1981, mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 10 za kuugundua mtego.

Kwa mtazamo wa haraka, mchezo uliongezewa uwezo. Lakini mara tu kitabu kilipotamka kwamba mwizi ana asilimia 10, swali likazuka: je, mpiganaji mwenye fimbo ana ngapi? Lile ambalo jana lilikuwa la kila mtu mwenye akili, leo limekuwa mali ya mmoja, tena kwa kiwango kidogo. Wanasheria wanaijua hali hii: kukitaja kitu kimoja ni kuvitenga visivyotajwa. Matoleo ya baadaye yaliitatua kwa kuongeza maandishi. Tangu mwaka 2000 kila mhusika ana orodha ya stadi, na kwa kila stadi ana tarakimu. Swali la mpiganaji limepata jibu. Lakini mchezaji naye amejifunza kuitazama karatasi yake kabla ya kuutazama mlango.

5. Ukimya wa maandishi

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona kwamba kiini cha ugomvi si dadu wala deraya. Ni swali la nini kifanyike pale kitabu kinaponyamaza, na kinyamaze mara ngapi.

Wafuasi wa matoleo ya kale husema ukimya ni nafasi. Mwaka 2008 Matt Finch aliandika kijitabu kifupi cha kuwaeleza wageni namna ya kucheza kwa mtindo wa zamani, na fundisho lake la kwanza ni kwamba hukumu ya mwongozaji hutangulia kanuni. Wafuasi wa matoleo mapya hujibu kwamba nafasi hiyo ni ya mwongozaji peke yake. Akiwa mwadilifu, vyema. Akiwa mwonevu, mchezaji hana pa kukata rufaa. Kanuni iliyoandikwa humlinda mdogo dhidi ya mkubwa, na mgeni dhidi ya wenyeji.

Hoja zote mbili ni nzito, na kila jamii iliyopita kutoka sheria ya wazee kwenda sheria ya karatasi inazitambua. Mzee anayeamua kwa hekima huitazama kesi iliyo mbele yake. Karatasi haimjui mtu, na kwa sababu hiyohiyo haimpendelei mtu. Apataye haki kwa mzee aghalabu ni yule anayejua kusema naye.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mpaka kati ya ukimya na usemi ni mpaka kati ya zamani na sasa. Mwishoni mwa vijitabu vya 1974 wasomaji walihimizwa kuamua na kubuni wenyewe. Miaka mitano baadaye, katika dibaji ya kitabu cha mwongozaji cha 1979, Gygax huyohuyo alisisitiza umuhimu wa kanuni kuwa za namna moja kila mahali. Sababu zilikuwepo: mashindano yalihitaji usawa, na kampuni ilihitaji bidhaa moja. Toleo la 2008, lililofafanua kila tendo la vita kwa umakini mkubwa, liliwachosha wachezaji wengi. Ndipo lile la 2014 likarudisha sehemu ya mamlaka kwa mwongozaji. Hivyo mwendo umekuwa wa kwenda na kurudi, kama wa bembea.

Wala si kila mchezo umepitia misukosuko hiyo. Call of Cthulhu, wa kampuni ya Chaosium, ulitoka 1981, na toleo lake la saba 2014. Kwa zaidi ya miaka 30 msingi wake ulibaki uleule wa asilimia, na aliye na hadithi iliyochapwa mwanzoni anaweza kuitumia na toleo la saba kwa kazi ndogo ya kubadili tarakimu. Kumbe toleo jipya halilazimiki kuwa mchezo mpya.

6. Nani mwenye kanuni?

Swali la mamlaka lina upande wa mezani, na lina upande wa soko. Kitabu cha kanuni hununuliwa mara moja. Mwenye nacho anaweza kucheza maisha yake yote bila kurudi dukani, na kampuni inayotaka kuishi hulazimika kumpa sababu ya kurudi. Toleo jipya ni mojawapo ya sababu hizo. Kulisema hili si kumtukana mchapishaji. Ni kueleza kwa nini kasi ya matoleo hailingani daima na kasi ya mawazo mapya.

Mwaka 2000 wamiliki walifanya jambo lisilotazamiwa: walitoa leseni huria iliyowaruhusu watu wengine kuitumia sehemu kubwa ya kanuni zao na kuchapa vitabu vyao wenyewe. Matokeo yalikuwa mawili. Mwaka 2009, baada ya kampuni kuhamia toleo la nne, Paizo iliendeleza toleo la tatu kwa jina la Pathfinder, ikawapata wale ambao hawakutaka kuhama. Na tangu mwaka 2006, kwa kitabu kiitwacho OSRIC, wapenzi wa kanuni za kale walianza kuziandika upya kwa maneno yao wakiitegemea leseni hiyohiyo. Old-School Essentials, kazi ya Gavin Norman iliyotoka 2019, ni kanuni za 1981 zilizopangwa upya kwa usafi ambao hata asili yake haikuwa nao.

Januari 2023 ilijulikana kwamba wamiliki wanakusudia kuibadili leseni ya 2000 na kuwabana walioitegemea. Wachezaji na wachapishaji wadogo walipinga kwa nguvu. Kabla ya mwezi kwisha kampuni iliacha mpango huo, ikazitoa kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kutanguliwa.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Katika maktaba zetu tunajua gharama ya maarifa yanayokaa katika mikono ya mchapishaji mmoja: akiacha kuchapa, somo limekwisha. Kanuni za kale hazikufa kwa sababu wasomaji wake walikubali kazi ya kuzinakili, kuzihariri na kuzigawa, nyingine bila malipo. Ni kazi ileile iliyozihifadhi tenzi zetu kabla ya mashine za kuchapa kufika.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya matoleo ya zamani na mapya kuna tofauti za namna mbili. Katika zile za umbo, kama hesabu ya deraya, jipya lina haki ya kulirithi la zamani. Katika zile za maana, yaani kinacholipwa, uzito wa kifo na mipaka ya ukimya, hakuna urithi. Kuna michezo miwili yenye jina moja. Kuuliza lipi ni bora bila kusema kwa kusudi gani ni sawa na kuuliza kama utenzi ni bora kuliko tamthilia.

Kwa mwalimu wa lugha anayetaka kuujaribu mchezo huu darasani, ushauri wetu ni mwepesi. Akiwa na wanafunzi waoga wa kusema, aanze na kanuni fupi za mtindo wa zamani, kwa kuwa humo kila tendo hudai sentensi kamili. Asiyeeleza anachofanya hafanyi kitu. Akiwa na kundi lenye wenye sauti kubwa na wenye sauti ndogo, kanuni mpya zitawagawia zamu kwa haki zaidi. Gharama isimzuie. Karibu na mwaka 1979, dadu zilipoadimika, TSR yenyewe iliuza visanduku vyenye vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa tarakimu, vya kuchomolewa kikombeni. Karatasi, kalamu, kikombe na watu wanaosikilizana vilitosha wakati huo, na vinatosha sasa.